Usimnyang'anye vitabu vya kutisha

Dada yangu, umesema binti yako wa miaka 13 anakesha na hadithi za mizimu, kisha anaogopa kulala peke yake, na unataka kumnyang'anya vitabu. Nakusihi usifanye hivyo. Ukimkataza atasoma kwa kujificha, tena vile vya watu wazima.

Badilisha muda kwanza: asome mchana, na ikifika saa mbili usiku kitabu kibaki sebuleni. Halafu mchagulie. Mtafutie A Monster Calls cha Patrick Ness, cha mwaka 2011. Zimwi la mti linamjia kijana Conor saa sita na dakika saba usiku, ila kinachomtisha kwelikweli ni ugonjwa wa mama yake. Kisome wewe kwanza, hasa kama mmefiwa karibuni, maana kinaliza. Akipenda uchawi wa Kiafrika, kuna Akata Witch cha Nnedi Okorafor, kuhusu Sunny, msichana wa miaka 12 huko Nigeria. Humo mna muuaji wa watoto, kwa hiyo someni pamoja.

Na muulize ni ukurasa gani uliomkosesha usingizi. Mwache akusimulie mpaka amalize, usimcheke.