Salfa haimuui mbu wa mikorosho

Mikorosho imeanza kuchomoza mashada na simu yangu haitulii. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo bwana shamba. Mwaka jana nilipulizia salfa raundi saba, maua yakakauka vilevile. Niliuziwa majivu? (Newala)

Marahaba. Huenda salfa ilikuwa nzima, ila ulitibu ugonjwa ambao haupo. Salfa ya unga ni ya ubwiriunga, ule ukungu unaolifanya shada lionekane limemwagiwa unga wa muhogo, kisha maua yanageuka kahawia na kupukutika. Asubuhi nenda ushike chipukizi changa mkononi. Ukikuta vidonda vyeusi virefu kwenye kikonyo na ncha imekauka kama imebabuliwa na moto, mtafute mbu wa mikorosho: mdudu mwembamba, miguu mirefu, mgongoni kasimamisha kitu kama pini. Huyo salfa kwake ni vumbi tu. Anataka kiuadudu, tena kwenye miti aliyoishambulia, si shamba zima.

Kama kweli ulikuwa ubwiriunga, basi nina wasiwasi na tarehe zako. Wengi husubiri mpaka mti uwe mweupe ndipo wakimbilie dukani, na ua lililokwisha kufa halirudi. Raundi ya kwanza ni pale mashada yanapoanza kutoka, halafu kila siku 14. Kwa dawa za maji ni siku 21. Pulizia alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo umelala. Ukianza saa nne, unamlimia jirani. Na kabla ya yote hayo ingia chini ya mti ukate maotea ya kivulini, maana ukungu hujihifadhi humo wakati mti hauna maua. Raundi saba si sifa: salfa huongeza uchachu wa udongo, na huu wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuhimili.

Maji moto wamejaa kwenye mikorosho, vibarua wamegoma kupogolea. Nichome viota? (Masasi)

Usichome hata kimoja. Hao sisimizi wanamla mbu wa mikorosho niliyemtaja hapo juu, pamoja na yule mdudu anayeangusha nazi changa. Korosho tunaokota chini, hatuparamii mti kama kwenye embe, kwa hiyo ugomvi wenu ni wa siku chache tu. Vibarua wajipake majivu mikononi na miguuni, na matawi yenye viota wayaruke. Najua wanavyouma, nimewahi kuvua shati mbele ya wakwe kwa ajili yao. Ila ukipulizia kiuadudu ovyo, walinzi hao ndio unaowafukuza.

Shamba la mtama lina magugu mafupi ya maua mekundu. Nang'oa, yanarudi. (Nachingwea)

Hicho ni kiduha. Ukikiona juu ya ardhi, ujue chini kimeshanyonya mizizi ya mtama kwa wiki kadhaa. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, hivyo usitegemee kukimaliza msimu mmoja. King'oe kabla hakijakomaza mbegu, ukichelewa, kichome. Msimu ujao panda ufuta au karanga: mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha, nayo ikiamka inakosa pa kunyonya inakufa. Weka na samadi, kiduha kinapenda udongo uliochoka.

Mihogo yangu ina majani mazuri, lakini nikiipasua ndani ni kahawia, migumu kama kizibo. Dawa gani? (Ruangwa)

Hakuna dawa, na atakayekuuzia anakuibia. Ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi ulioelezwa tangu miaka ya 1930 huku kwetu Tanganyika. Inzi weupe huusambaza, lakini mara nyingi tunaubeba wenyewe begani, kwenye mzigo wa mbegu tuliopewa na shemeji. Hayo majani mazuri yatazame tena, yale ya chini: utaona umanjano kando ya vishipa. Usikate mbegu kwenye shina ambalo hujapasua mihogo yake ukaiona myeupe yote. Mbegu safi ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, au kwa afisa ugani wako. Shamba hilo vuna mapema, kila mwezi ukingoja muhogo unazidi kuoza.

Kopo la dawa ya korosho nikilisuuza kwa sabuni, naweza kuwekea maji ya kunywa? Huku maji ni ya kununua. (Tandahimba)

Hapana, hata ukilisuuza mara ishirini. Lisuuze mara tatu, maji hayo yamimine kwenye bomba la kupulizia, kisha litoboe kwa msumari leo hii, kabla mtoto hajaliona.