Melatonini miligramu 10 na bado silali

SWALI: Shikamoo dokta, mi niko Minneapolis napiga shifti ya usiku, nilianza melatonini miligramu 3 nikapandisha mpaka 10, sa hivi naamka kichwa kizito na ndoto za ajabu, juzi nikaongeza 5-HTP, kirutubisho cha vidonge, ili mudi ikae sawa na bado natumia dawa ya sonona. Niendelee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 5-HTP acha leo leo, nakuomba, ikikutana na dawa za sonona serotonini, ile kemikali ya ubongo inayogusa mudi, inaweza kupanda mpaka hatari, ukiona unatetemeka, jasho, moyo mbio, wahi emajensi. Dawa ya sonona usiikatishe mwenyewe. Melatonini ni homoni, ubongo unaitoa giza likiingia, kuzidisha dozi hakuongezi usingizi, kwahiyo weka pazia zito chumbani, na chupa zote mpelekee daktari wako azione.