Mjukuu hajui kutema, je, damu haitoshi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mjukuu wangu wa miaka minne anakohoa wiki ya tatu sasa. Usiku anatota jasho na uzito umeshuka. Hospitali wametaka makohozi, lakini yeye anameza tu. Mwanangu aliyeko Unguja anasema siku hizi kuna kipimo cha damu kinachosoma jeni, kikajua mtu ana TB. Kwa nini asipimwe hicho? Kwa sasa nampa asali na habasoda.
Bibi wa Konde, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, bi mkubwa. Mwanao hakukudanganya, ila kawahi kidogo. Mimi nimekaa maabara miaka mingi na kipimo hicho nakifuatilia kwa hamu. Watoto hawa walinichosha: mama anabembeleza, mtoto analia, kikopo kinarudi na mate matupu.

Chenyewe hakimtafuti mdudu wa TB. Kinaangalia jeni zipi zimeamka ndani ya chembe nyeupe za damu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionesha kuwa jeni tatu zinaweza kutosha: kwa mwenye TB, GBP5 na DUSP3 hupanda, KLF2 hushuka. Kampuni ya Cepheid ikatengeneza katriji ya majaribio, yaani kikasha kidogo cha kupimia. Tone la damu ya kidole linaingia mashine ya GeneXpert, ile ile ya makohozi, na jibu hutoka chini ya saa moja.

Ila virusi navyo huamsha jeni kama hizo, kwa hiyo mafua makali yanaweza kuchafua jibu. Wala hakisemi kama mdudu ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Ndiyo maana kinatazamiwa zaidi kuwa cha kuchuja nani aendelee kupimwa, na bado kimo kwenye utafiti. Ukiuziwa leo kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za TB, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya mdudu, kikatae. WHO ilivipinga tangu 2011.

Kwa mjukuu wako, waulize kama wanapima choo. Mtoto akimeza makohozi, mdudu hupita tumboni, na choo kidogo tu kinapimika kwenye GeneXpert. Mwambie daktari pia kama nyumbani au kwa jirani anakoshinda kuna mtu mwenye TB, usione haya. Kwa habari hiyo, dalili na picha ya kifua, anaweza kumuanzishia dawa hata maabara isipoona kitu. Dawa hizo hazilipiwi.

Asali na habasoda endelea nazo, lakini hospitali mrudi wiki hii hii.