Jibu: Bangkok mara ya kwanza, naanzia wapi?

Salama dada. Umeuliza uanzie wapi kupanga siku 6 za Bangkok, ukitokea Dar tarehe 12 Aprili kununua nguo soko la Pratunam.

Kabla ya hoteli, tazama hiyo tarehe. Aprili 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wao. Maduka mengi yanafungwa na barabarani watu wanamwagiana maji. Mimi niliingia kichwakichwa. Hatua chache tu kutoka hotelini, mtoto akanimiminia ndoo nzima, noti za baht zikagandana mfukoni kama chapati. Sogeza safari mbele kama tiketi inaruhusu.

Halafu kadi ya njano. Sisi wa Tanzania tunadaiwa cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe imepita siku 10. Pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi pitia dawati la afya kwanza, ndipo uende uhamiaji, la sivyo utarudishwa. Fomu ya kuingia ya mtandaoni, TDAC, ijaze ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayodai hela ikimbie.

Kwenda Pratunam panda treni ya uwanjani, shuka Ratchaprarop. Chakula halali utakipata kwa wingi mtaa wa Nana, Sukhumvit Soi 3.