Jibu: Enema ya mesalazini kutoka mapema

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba enema ya mesalazini (dawa ya maji ya kutuliza uvimbe, inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa), uliyoandikiwa kwa ajili ya vidonda vya utumbo mpana, huwa inakutoka ndani ya dakika 10. Angalia kwanza joto la dawa, kwa kuwa ikiwa ya baridi utumbo hujikaza na kuisukuma nje. Mimi huishika chupa mikononi mpaka ipate uvuguvugu, kisha huitikisa. Baada ya kwenda haja, lala ubavu wa kushoto, ukunje goti la kulia, uingize ncha ya chupa, uiminye chupa polepole, wala usiiachie kabla ya kuichomoa, la sivyo itaifyonza dawa tena (kosa nililolirudia mara nyingi). Tulia hivyo kwa dakika 30. Ikiendelea kutoka, mwulize daktari kuhusu dawa ya povu, ambayo kwa kawaida huzuilika kwa urahisi zaidi.