Mwanangu, umeniuliza habari ya miradi, mi nimekumbuka mkeka

Mwanangu,

Salamu zimefika, na ile sauti yako ya WhatsApp nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikua nasonga ugali nikasikia nusu. Baba ako mzima, mguu unamsumbua asubuhi tu, akishakumbuka mikorosho yake unapona wenyewe, si unamjua.

Umeuliza hivi: umechoka na majaribio ya kila mwezi, watoto wanakremu Ijumaa, Jumatatu hakuna kitu kichwani, unataka sasa uwape miradi na kazi za kufanya kwa mikono halafu hizo ndo ziwe maksi zao, ila mwalimu mwenzio kakutia wasiwasi kwamba wengine watafanyiwa na kaka zao walioko chuo na wengine watatoa kwenye simu, sasa utajuaje kazi ni ya mtoto mwenyewe. Ndo swali lako. Na anayeuliza ni wewe. WEWE! Nimecheka peke yangu hapa barazani mpaka jirani kachungulia.

Mkeka umeusahau?

Ulikua darasa la tano, na mimi ndo nawafundisha Stadi za Kazi, kitu ambacho nilimwambia mwalimu mkuu kabisa kwamba sio vizuri kufundisha darasa la mwanangu, lakini walimu tulikua saba shule nzima, utamsukumia nani. Nikawapa kazi ya wiki tatu, kila mtu asuke ukili, ule utepe wa majani ya ukindu, nyumbani kwao, ashone kamkeka kadogo ka kuswalia, alete, maksi ishirini. Nilijiona mjanja kweli. Nimeachana na yale maswali ya "taja vifaa vitano vya ususi" ambayo mtoto anayajibu yote na hajawahi kushika ukindu maisha yake.

Siku ya kuleta, we ukaja na mkeka umenyooka, zambarau na kijani, pindo halina hata jani moja lililochomoza. Nikakupa kumi na tisa. Ile moja niliibana ili watu wasiseme kapewa na mama yake, unaona akili zangu. Yule binti wa mvuvi uliyekua unakaa nae dawati moja kaleta kitu upande mmoja mpana upande mmoja mwembamba, ukikilaza chini kinajikunja chenyewe. Nikampa tisa. Halafu nikafungua mdomo, na hapa ndo panaponiuma mpaka leo, nikasema mbele ya darasa, "huu wa kuswalia au wa kufunikia ndoo?" Darasa zima likacheka. Na we ulicheka mwanangu, usikatae.

Ijumaa yake bibi yako huyo kutoka Sudi, hata viatu hajavua, "mjukuu wangu kapata ngapi, maana nimekesha siku nne na macho yangu haya." Mbele ya baba ako! Baba ako alitoka nje akacheke vizuri. Mi sikucheka. Wala hasira haikua kwamba umedanganya, mtoto wa miaka kumi na moja atafanyaje na bibi mwenyewe kajitolea. Hasira ni kwamba ile kumi na tisa ilikua ishaingia kwenye daftari la maendeleo kwa kalamu nyekundu, na ile tisa nayo imo, mstari wa chini yake tu.

Jumatatu nikawatoa wote nje chini ya mwembe, kila mmoja nikampa ukindu kiasi cha kiganja, nikawaambia nianzieni ukili. Sitaki mkeka, sitaki hata shubiri moja, nianzieni tu. Maana kuanza ukili ndo kwenye kazi, ukishaanzwa hata mtoto mdogo anaendeleza, mkono unafuata. Walikua hamsini na kitu, walioweza kuanza hawakufika kumi na tano. We ulikaa na ukindu mapajani unaniangalia mimi kama vile nitakuanzia. Yule binti kaanza huku anapiga stori na mwenzie, hata mikono haangalii, kisha kaniuliza kwa adabu kabisa, "mwalimu unautaka mwembamba au mpana?"

Nikamwita pembeni, sasa we mbona unajua hivi, ule mkeka ulikuaje. Akasema ukindu ulikua mabaki ya mama yake, mirefu ilishauzwa, na kushona alikua anashona usiku kwa kibatari akishamaliza kuanua dagaa. Kwahiyo nilichokipa tisa ni kibatari na yale mabaki. Yeye mwenyewe nilikua sijampima kabisa.

Maksi nilibadilisha. Yako nikaikata nikaandika saba, ukanuna wiki nzima, yake nikaandika kumi na saba. Lakini toka siku ile hakuwahi kuniletea tena kitu alichokisuka, kazi ya mfinyanzi alileta, ya kushona vifungo alileta, ya kusuka anasema amesahau nyumbani.

Ndo maana nawaambiaga kila siku, na najua mmechoka kunisikia, kazi ipime mwanzo usiipime mwisho. Mwisho unaazimwa. Ukitaka kujua kama mtoto anajua, mkalishe mbele yako aanze. Baba ako anadakia hapa eti hata korosho ghalani hawafungui gunia zima, wanachoma bambo, kile chuma cha kutobolea gunia, wanatoa chache wanazikata waone ndani kukoje, haya mwandikie na hiyo kaniambia, nimeandika.

We unafundisha baiolojia, chukulia lile somo la kupima wanga. Kila mtoto kakariri kwamba ayodini ikigusa wanga inakua bluu nyeusi, ukimuuliza kwenye karatasi anapata, na wapo walioandika hivyo miaka yote na hawajawahi kuiona ayodini. Muhogo si umejaa huko Nachingwea? Mpe kipande cha muhogo, kipande cha samaki na chupa ya ayodini, usimuulize rangi, mwambie anza. Atakayekuomba na tone la maji matupu alijaribie pembeni ili alinganishe, huyo kajua, na hiyo akili kaka yake wa chuo hawezi kumuazima. Mradi wake wa nyumbani upokee tu, ila ufungue katikati umuulize hapa ulikosea nini mara ya kwanza. Aliyefanya mwenyewe atakuambia mpaka utamnyamazisha, aliyefanyiwa atakuambia hakukosea popote.

Utasema mama ninao sabini. Najua. Watano kwa siku, dakika tatu tatu, wengine wanaandika zoezi, siku kumi na nne za shule umewamaliza. Unachoka, ndio. Na vigezo uviandike ubaoni kabla hawajaanza, sio unaviwaza wakati umeshika kazi ya mwanao mkononi.

Sasa hapa ndo najibishana mwenyewe toka jana. Maana mtihani tunausema vibaya, na mimi nimeusema sana, hasa mwaka 2012 darasa la saba hesabu nayo ilipokua ya kuweka kivuli, mtoto hajui kugawanya anapiga bismillahi anaweka kivuli kwenye B na anapata. Mwalimu Nyerere alishaliona mapema, kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 aliandika kwamba mitihani inapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa ukiulizwa, haipimi kufikiri wala utu wala moyo wa kuwatumikia wenzio. Azimio la Musoma la TANU mwaka 1974 nalo likasema mtihani usiwe kila kitu, ihesabiwe na kazi ya mtoto ya kila siku. Maneno mazuri, chuoni tuliyasoma mpaka tukayaota. Halafu nikaingia kazini nikaona tunavyojaza zile sehemu za tabia na bidii ya kazi kwenye ripoti ya mtoto. Mtoto wa mkubwa ana bidii kila muhula. Mtoto asiye na mtu ni "wastani", hata awe kamwagilia bustani nzima peke yake.

Mtihani wa taifa ule, na ukali wake wote, mtoto anaandika namba. Anayesahihisha yuko mbali, hajui nani wa mwalimu nani wa mvuvi, mkeka wa bibi hauingii mle. Mi nilikua mwalimu mzuri, nasema bila aibu, na bado nilimpa mwanangu kumi na tisa na mwenzie tisa. Tena kwenye njia hii hii unayoisifia.

Lakini pia mtihani huohuo wa namba ndo uliomwacha yule binti, la saba hakuchaguliwa. Na karatasi nzima hapakua na mahali pa kuanzia ukili.

Sasa umetaka nikuambie uache majaribio au usiache. Hilo sikuambii. We ndo uko darasani, mi nimestaafu, na mkuu wako wa shule atataka maksi kwenye daftari mwisho wa mwezi, hatataka hadithi za mkeka. Ila ningekua mimi... basi, nimenyamaza, nilishasema sikuambii.

Yule binti nilimuona juzi sokoni Mikindani, ana watoto watatu sasa, anauza samaki wa kukaanga na biashara yake imetulia. Kaniamkia vizuri, shikamoo mwalimu, kakuulizia na wewe, kanifungia samaki wawili na hela kakataa. Pembeni yake pale kuna kikapu cha ukili kazi safi, kaweka chenji. Nikatamani nimuulize kama kasuka mwenyewe. Sikuweza, mwanangu, nikashukuru nikaondoka.

Ming'oko, vile viazi pori unavyopenda, nimeiweka kwenye lile begi jeusi, baba ako ataipeleka kesho kwenye basi la asubuhi, kaichukue kwa konda kabla ya magharibi maana mara ile ililala stendi ikaharibika. Mkwe wangu msalimie, na mjukuu usimpe yote akavimbiwa.

Mama ako