Kutoa tonsili ukubwani: ganzi au usingizi kamili?

Swali: Habari daktari. Nina miaka 34, naishi Umoja, Nairobi. Nimeambiwa nitolewe tonsili, na nusu kaputi naiogopa sana. Dada yangu alijifungua kwa upasuaji akadungwa sindano ya mgongo, akabaki macho. Mbona mimi nisifanyiwe hivyo, au nipigwe ganzi ya koo tu?

Jibu: Sindano ya mgongo tuiweke kando, dada. Kazi yake ni tumboni kushuka miguuni. Dawa ile ikipanda hadi shingoni, pumzi inakatika.

Ganzi ya koo inawezekana. Zamani watu wazima wengi walitolewa tonsili hivyo wakiwa wameketi kitini, na hadi leo wapo wagonjwa wachache inaowafaa. Hudungwa dawa ya ganzi, lignokeini, kandokando ya tonsili, mara nyingi ikichanganywa na adrenalini ili kupunguza damu. Shida si maumivu hasa. Kinywa kiko wazi, chuma kimekandamiza ulimi, damu inateremka kooni, nawe unatakiwa usikohoe wala kutapika. Kama ukisugua ulimi kwa mswaki tu unataka kutapika, sahau.

Ndiyo maana wengi wetu tunapendekeza usingizi kamili, yaani hiyo nusu kaputi. Unalala kwa dawa ya mshipani, kwa kawaida propofoli, kisha tunapitisha mpira hadi kwenye njia ya hewa. Mpira huo una kiputo. Kikijazwa, damu haishuki mapafuni. Tunaubandika plasta katikati ya mdomo wa chini, daktari wa koo apate nafasi pande zote mbili.

Ninaloliogopa mimi ni lile la katikati: kusinzishwa kidogo bila mpira. Umelewa dawa, huwezi kukohoa vizuri, na damu ikigusa nyuzi za sauti zinaweza kujifunga kabisa. Ukipendekezewa hilo kwa sababu ni nafuu, kataa.

Omba kuonana mapema na mtaalamu wa usingizi atakayekaa nawe mwanzo hadi mwisho. Mwambie kama unakoroma hadi pumzi inakatika, kama una pumu au jino linalotikisika, au kama kuna ndugu aliyewahi kudhurika na nusu kaputi.

Chakula acha zikibaki saa 6 kabla ya upasuaji. Chai ya maziwa ni chakula! Kila wiki nakutana na mtu aliyeapa hajala kitu, “ni chai tu”, na upasuaji unasogezwa mbele. Maji matupu unaweza kunywa hadi zibaki saa 2.